Ridhwani Anawasalimu

Kigoma, 12 Januari 2000

Kwako Uwera, binti wa dada yangu,

Amani ya Mungu iwafikie hapo Kamembe kabla ya barua hii. Mimi mjomba wako Nzabonimpa ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo limeota kiburi tangu mvua zianze. Idi imepita salama. Nilikula pilau kwa jirani, nikacheka walipocheka, nikarudi zangu. Studio inakwenda. Watu wa huku wanapenda kupigwa picha wakiwa wameshika simu ya mezani, basi nimewawekea moja iliyokufa, na wanaiongelesha kweli.

Mwambie dada yangu kwamba Ridhwani anawasalimu. Kaka yako bado yuko Kindu, ng'ambo ya ziwa, anapakia mizigo ya ndege, kazi haimpi nafasi hata ya kushika kalamu. Ni mzima. Anasema msiwe na wasiwasi.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Mzee Ntabaza, yule mchuuzi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, atakuletea mfuko ulioshonwa kwa uzi mweusi. Ukikuta uzi ni wa rangi nyingine, mshike shati. Ndani mna kamera na lenzi ndefu. Niliinunua kwa mwandishi mmoja wa habari, Mzungu aliyekuja kwa ajili ya makambi ya wakimbizi akaondoka kwa haraka. Wewe tangu nikufundishe kazi unapiga picha za vitambulisho tu, uso mmoja mbele ya shuka, hautikisiki wala haupumui. Hiyo si kazi ya binti mwenye macho kama yako. Nenda uwanjani ukapige watu wanaokimbia.

Nisikilize, maana sitarudia. Karibu na lenzi kuna kiswichi chenye herufi M, S na C. M ni kuzungusha kwa mkono, kama nilivyofanya miaka yote Bukavu. Ukiweka S, kamera inalenga mara moja na kunyamaza. Hiyo ni ya maharusi. C ndiyo ya mpira. Weka kile kimraba unachokiona katikati ukichungulia juu ya kifua cha mchezaji, palipo na namba, kwa sababu kamera hushika pale ambapo cheusi kinakutana na cheupe. Bonyeza kitufe nusu, usimalize, kisha mfuate. Lenzi itazunguka yenyewe, tik, tik, tik. Anza kumfuata kabla mpira haujamfikia. Ukingoja ufike, umechelewa. Viwiko ubavuni, miguu ipanuke, geuka kwa kiuno. Akikatiza mtu mwingine mbele yako, usiachie.

Na ujue hili: kamera hii haimtazami mtu pale alipo. Inapiga hesabu ya mwendo wake na kutazama pale atakapokuwa. Hata anayekujia moja kwa moja, mbio, haimpotezi. Mkono wa binadamu hauwezi hivyo.

Juu ya lenzi kuna kidirisha chenye namba za mita, kinaonyesha anayefuatwa yuko mbali kiasi gani. Hicho usihangaike nacho.

Usinishukuru. Mimi sina haja nayo tena.

Mjomba wako,
Hamidu Nzabonimpa


Kamembe, 27 Februari 2000

Muyomba wangu mupendwa,

Salamu nyingi toka kwetu. Miye ni muzima, Mama ni muzima, jiko la nyuma limevuja lakini tumeweka bati. Uzi ulikuwa mweusi, kwa hiyo shati la Mzee Ntabaza limepona. Alikwama mupakani Ruhwa siku tisa, juu ya barabara ya Burundi kufungwa, na mufuko wako umenuka ndagala mupaka leo. Kila nikitia jicho ku kamera ninasikia njaa.

Barua yako nilimusomea Mama, amekaa ku mukeka kama kawaida. Unamujua, Korani anasoma vizuri, hizi herufi zetu hazimuingii. Nilipofika ku salamu za Ridhwani akasema rudia. Nikarudia. Akasema tena. Mara tatu, Muyomba! Halafu akaenda kupakua chakula, na akaweka sahani ya kaka. Bado anaiweka. Miaka mitatu na zaidi kaka hajarudi, na sahani yake inapata moto kila siku.

Lakini na weye umeanza kuandika Kiswahili cha Watanzania! "Viwiko ubavuni." Ilibidi nimuulize imamu kiwiko ni kitu gani.

Dimanche, nyie munasema Jumapili, nilienda ku uwanja wa mupira. Etoile, timu yetu, ilicheza na batoto ba Bugarama. Bachezaji baliponiona na ile lenzi ndefu, bote balianza kukimbia matumbo yameingia ndani. Nilikaa upande wa kushoto, pale kaka alikuwa anachezea kabla ya kwenda kukusaidia ku studio Bukavu. Sasa anacheza Ndizeye, mutoto wa fundi baiskeli. Mbio anazo, akili ya mupira, Mungu atamuongezea. Nilimushika ku namba yake kumi na moja, nikabonyeza nusu, nikamufuata. Muyomba, nilipiga kelele peke yangu! Nilisafisha filamu kesho yake: jasho ku nyusi linaonekana, nyuzi za soksi zinaonekana, mupira una hata mushono. Sasa bachezaji banapita nyumbani kuuliza foto kabla hata ya kunisalimia.

Kitu kimoja tu. Ku dakika za mwisho nilikuwa ninamufuata Ndizeye, kidole sikuachia, naapa. Lenzi ikamuacha. Haikuenda ku miti, haikuenda ku refa. Ilienda ku majani matupu, hatua sita hivi nyuma yake, na hapo ikaendelea polepole, tik, tik, tik, kama kuna muntu anakuja. Nikatazama kale kadirisha. Mita makumi tatu. Makumi mbili na munane. Makumi mbili na tano. Refa akapiga filimbi.

Nimekosea wapi?

Ni miye mutoto wako,
Uwera


Kigoma, 19 Machi 2000

Uwera binti yangu,

Nimefurahi kusikia paa limepata bati na kamera imepata mwenyewe. Goti langu linakusalimu, halijambo. Ridhwani pia anawasalimu. Anasema amenenepa kidogo.

Kuhusu lenzi, umekosea kidole. Majani hayakimbii. Kamera ikikosa cha kushika, lenzi huenda mbele na kurudi nyuma, vrrr, vrrr, kama mtu aliyepoteza funguo. Hiyo ndiyo tabia yake na wala si ugonjwa. Ikienda tik, tik, tik imeshika kitu chenye mwendo. Kwa hiyo kulikuwa na kitu na wewe hukukiona, ndiyo hasara ya kufumba jicho moja. Beki. Mwokota mipira. Mbwa. Kamembe mna mbwa wengi.

Safisha vile vishikizo vya dhahabu kati ya lenzi na kamera kwa kitambaa kikavu. Usiteme mate, najua unatema.

Hayo tu. Wateja wananingoja.

Mjomba

Nimesahau: ukijibu, niambie mechi ya pili ilianzia mita ngapi.


Kamembe, 30 Aprili 2000

Muyomba,

Hatujambo. Mvua ni nyingi, avoka, maparachichi yenu, zimeanguka nyuma ya nyumba mupaka tunabapa majirani. Mama amefurahi Ridhwani amenenepa. Anauliza nani anamupikia huko Kindu, ni mwanamuke ama ni rafiki? Ujibu hilo, juu ananiuliza kila siku.

Sikutema mate. Nilipuliza tu.

Sasa unijibu na miye. Nilikuambia habari ya mechi moja. Ya pili ilikuwa haijachezwa. Ulijuaje kama itakuwa na mahali pa kuanzia?

Juu ni kweli, ilianza. Ilianza mita makumi mbili na tano, pale pale mechi ya kwanza iliishia. Ikafika kumi na nane. Mechi ya tatu ikaanza kumi na nane, ikafika kumi na tatu. Hakuna mbwa, Muyomba. Nilifungua macho yote mawili. Ukipiga upande wa kuume kamera ni muzuri, inabashika bachezaji kama zamani. Ukigeuka kushoto, inamufuata Ndizeye kidogo, halafu inamuacha na kuchukua kile kingine.

Nimesafisha foto zote. Ndizeye ni ukungu, mupira ni ukungu, miti ni ukungu, na katikati kuna kipande cha majani chenye makali hata unaweza kuhesabu. Ku kila foto kipande hicho kimesogea huku kwangu.

Dimanche iliyopita mvua ilinyesha na mechi haikusimama. Foto ile ninakutumia, utazame na lupe, ile lenzi yako ya kukuza. Matone ya mvua yote tungetazamia yawe ukungu, sivyo? Kuna yenye makali. Yenye makali yako mahali pamoja tu, upana wa muntu mumoja.

Na ingine. Baada ya mechi Ndizeye alikuja amekasirika, akamukamata beki wake shingo. "Unanipigia kelele za nini nyuma yangu? Ningoje, ningoje! Nikungoje ya nini, mupira si niko nao?" Beki akaapa kama hakufungua kinywa. Batu bakacheka. Miye nilicheka nao, halafu nilifika nyumbani nikafunga mulango.

Ninaogopa, lakini siachi. Ninataka kuona kitu gani kinakuja.

Uwera


Kigoma, 2 Julai 2000

Uwera,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na malaria, kisha Ntabaza hakupita, kisha sikuwa na karatasi.

Acha upande wa kushoto. Piga magolikipa, wanasimama. Weka S, au weka M uzungushe kwa mkono. Ukiona kamera inakushinda, mpe Ntabaza aitupe ziwani akiwa njiani, sitauliza.

Picha ya mvua nimeipata. Ina madoa ya dawa, hukusuuza vizuri. Usinitumie nyingine.

Nisalimie nyumbani.

H. Nzabonimpa


Kamembe, 23 Julai 2000

Muyomba,

Ninaandika haraka, Ntabaza amekaa ku kizingiti na anatazama saa. Tuko bazima. Malaria yako pole, hata kama siiamini.

Barua yako ilikuwa na mistari michache, niliisoma yote kwa sauti mbele ya Mama. Nilifika mwisho. Mama akangoja. Unamujua anavyongoja, kidevu juu, mikono ku magoti. Nikageuza karatasi, nyuma ni nyeupe. Hukuandika salamu za Ridhwani. Tangu barua yako ya kwanza toka Kigoma, miaka mitatu, haijapata kukosa.

Midomo yangu ikasema yenyewe: "Ridhwani anawasalimu. Anasema anamukumbuka Mama sana."

Nilisoma kitu hakijaandikwa. Ilikuwa nyepesi kabisa, Muyomba. Hapo ndipo nilijua ni nyepesi namna gani kwako.

Na tazama nilichofanya. Mama alishika kifua, akasema: "Siku zote anasalimia nyumba nzima. Leo amenitaja miye. Mutoto ananiita." Kesho yake akatoa ile valizi ya safari ya Baba juu ya kabati. Anakwenda Kindu. Amepata lori la chumvi litakaloondoka Bukavu tarehe makumi mbili Agosti, litamufikisha pale barabara inaishia, halafu atatembea. Kutembea, ku ile vita! Batu banaotoka huko banasimulia mambo ambayo siwezi kuandika. Nimemuomba, imamu amemuomba, majirani bamemuomba. Anasema: "Mutoto wangu ananisalimia kila mwezi na miye nimekaa hapa ninakula avoka." Amefunga kitenge kipya cha kumupelekea kaka kama zawadi ya mukewe, yule mwanamuke anayemupikia, juu hukujibu kama yuko ama hayuko.

Sitakuuliza kwa kuzunguka. Kaka yangu ni muzima ama amekufa? Kama ni muzima, nipe jina la mutaa, nipe jina la bosi wake, Mama amupate upesi na arudi. Kama amekufa, useme kabla ya tarehe makumi mbili. Ukinyamaza, utakuwa umebamaliza wawili, na miye nitakuwa nimekusaidia.

Jana ilianza mita saba. Ikafika mita ine. Siangalii S wala M. Kidole changu hakinisikilizi tena.

Uwera


Kigoma, 5 Agosti 2000

Uwera,

Leo sina salamu za kutanguliza. Isome hii peke yako kwanza, kisha msomee mama yako kama ilivyo. Usipunguze, na kwa jina la Mungu usiongeze.

Ridhwani hayuko Kindu. Hajawahi kufika Kindu. Ridhwani alikufa Desemba ya mwaka tisini na sita, kwenye barabara ya Shabunda, mbele ya macho yangu.

Tulitoka Bukavu pamoja vita vilipoingia mjini. Mimi nilibeba kamera shingoni, yeye alibeba sanduku la studio: mashine ya kusafishia picha, lenzi, mabeseni. Nilimwambia nisipokuwa na vitu vile nitakula nini huko tuendako. Lilikuwa zito kuliko mtoto wa miaka kumi. Wiki tano alilibeba na hakulalamika, alinitania tu kwamba nimeoa sanduku. Tukafika mto usio na daraja, magogo mawili yamelazwa. Watu walikuwa wengi. Mimi nilivuka. Yeye alikuwa nyuma kwa ajili ya lile sanduku. Risasi zikaanza nyuma yetu. Sikuuliza ni za nani, na hata leo sijui.

Akaita, "Mjomba, ningoje!"

Niligeuka. Alikuwa ameshavuka magogo, anakuja mbio kwenye majani, mkono juu, vile alivyokuwa akiomba mpira uwanjani. Sanduku bado analo. Ningeweza kurudi nimpokee. Hatua thelathini, haikuwa zaidi. Badala yake mkono wangu ulipandisha kamera. Sijui kwa nini, Uwera. Miaka ishirini ya kazi, kitu kikikimbia mkono unapanda wenyewe. Nilizungusha lenzi, akawa amesogea, nikazungusha tena, sikumpata. Nilipiga mara tatu. Ya tatu hakuwemo, alikuwa ameshaanguka. Nikakimbia. Sikurudi kumtazama. Sikumfunika hata kwa jani.

Filamu niliisafishia hapa Kigoma. Majani yana makali, nyasi unazihesabu. Yeye ni moshi. Mtoto wa dada yangu, picha yake ya mwisho duniani, na mimi fundi nimeshindwa kumpata.

Salamu ya kwanza niliiandika kwa sababu kalamu ilifika mahali pa jina lake na sikuweza kupaacha wazi. Nilidhani ni ya mara moja tu. Ya pili ililazimishwa na ya kwanza. Uongo wa salamu hauumi, ndiyo ubaya wake.

Sasa kamera. Niliposikia kwamba ipo inayoweza kumshika mtu anayekujia mbio, niliitaka kuliko chakula. Niliijaribu hapa, mechi ya mtaani, mwaka jana. Ilishika kitu pasipo na mtu. Mita thelathini. Mechi iliyofuata ishirini na tano. Umeelewa sasa nilivyojua. Asubuhi ya Idi niliwalenga watoto waliovaa nguo mpya mbele ya msikiti, na lenzi ikawaacha ikaja, ikaja, mpaka mita moja na nusu. Karibu zaidi ya hapo lenzi hii haioni. Nilihisi pumzi kwenye mkono wangu ulioshika kitufe. Siku ileile nilishona mfuko.

Nilikuambia ni zawadi. Nilijidanganya kwamba anamtafuta mama yake na nikimpeleka nyumbani ataniacha. Nilimtuma kwako, binti yangu, kama mtu anayemrushia mwenzake kaa la moto. Nisamehe ukiweza.

Mzuie dada yangu. Mwambie huko hakuna wa kumfuata.

Nzabonimpa


Kamembe, 21 Agosti 2000

Muyomba,

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita. Nilimusomea Mama kama ilivyo. Sikupunguza, sikuongeza.

Hakulia. Aliuliza: "Alinyanyua mukono gani?" Nikasema barua haisemi. Akasema: "Wa kushoto. Siku zote wa kushoto." Hapo ndipo alilia, na alilia mupaka jirani zetu balikuja bila kuitwa. Halafu alirudisha valizi juu ya kabati. Sahani ya kaka aliiosha, akaikausha, akaiweka chini ya zingine. Lori limeondoka jana bila yeye. Kwa hilo ninakushukuru, na ni hilo tu.

Ijumaa msikiti ulijaa. Imamu aliswalisha swala ya ghaibu, ile ya maiti ambayo haiko mbele yetu. Mahali pa jeneza palikuwa sakafu tu. Batu balimulilia kaka kwa jina lake, kwa mara ya kwanza bila kuongeza "Mungu amurudishe". Ndizeye naye alikuja, Mukristo yule, akasimama inje mupaka mwisho, viatu mukononi.

Nilidhani imekwisha.

Jana Mama akaniambia: "Chukua kamera, twende." Hajawahi kukanyaga ku uwanja, hata wakati kaka anacheza, alikuwa anasema mupira ni kuvunja miguu ya batoto ba batu. Alisimama karibu yangu, pembeni kushoto. Nikaweka C. Nikamushika Ndizeye, nikamufuata, ikamuacha. Ilianza ine, pale pale. Nikawa ninamusomea Mama namba kama ninavyomusomea barua. Tatu na nusu. Tatu. Mbili. Moja na nusu. Na ikasimama. Ndizeye alikuwa amefika ku goli lingine, batu bote banatazama kule. Mbele yetu hakukuwa na kitu. Majani tu, na majani yalikuwa yamelala.

Mama akanyoosha mukono mbele ya lenzi. Haikuushika mukono wake, Muyomba. Mukono mweusi ku anga nyeupe, kitu ambacho kamera yoyote ingeshika, na haikuushika. Akasema polepole: "Ridhwani, Mama nimesikia. Umechoka. Weka chini lile sanduku." Nilisikia kitu kizito kinagusa ardhi. Nilikisikia ku miguu, si ku masikio. Hata Mama alikisikia, juu alifunga macho.

Halafu tik. Mbili. Tatu. Sikuamini, nikasoma tena. Tano. Kumi. Ilikuwa inakwenda, haiji tena. Nikageuka kwa kiuno kama ulivyonifundisha, kidole sikuachia. Ilipita mbele ya goli, ikapita ku miti, ku barabara inayoshuka Bugarama. Makumi tatu. Halafu ile nane iliyolala, ambayo uliniambia zamani ni mwisho wa namba zote. Alikuwa mwepesi sasa. Alikuwa anakimbia kama zamani.

Nikamuambia Mama: "Ameenda mbinguni." Mama akatazama ile barabara muda mrefu. Unaijua. Inashuka Bugarama, inavuka Ruhwa, inafuata ziwa mupaka kwenu Kigoma.

Akasema: "Mbinguni si njia ile."

Tangu jana kamera ni nzima. Inabashika bachezaji bote, kushoto na kuume. Mama anataka zile foto tatu, hata kama ni moshi. Umupe Ntabaza, azishone na uzi mweusi. Ntabaza anasema Ruhwa imefungwa tena na hajui lini itafunguliwa, kwa hiyo sijui ni nani atatangulia kufika kwako, barua hii ama kaka.

Nilimuuliza Mama kama ana salamu. Anataka neno lake libaki la mwisho, basi miye ninaweka jina langu hapa: Uwera. Neno lake ni hili, nimeliandika kama alivyolisema:

"Ndugu yangu, Ridhwani anakusalimu. Yuko njiani. Safari hii umungoje."